Arthur wa kitabuni mbona si wa kwenye TV?

SWALI: Anti habari za kazi. Mimi nipo Igoma hapa Mwanza, nina mapacha wa miaka sita, wanaipenda sana katuni ya Arthur, yule wa miwani na sweta la njano, nimewajazia kwenye flashi wanaangalia mpaka wamekariri. Juzi napita Makoroboi nikakuta jamaa katandika vitabu vya mtumba, kimoja kimeandikwa Arthur's Nose, nikakibeba kwa buku mbili nikijua leo baba nitapendwa. Kulwa kufungua tu, "baba umepigwa, hii feki!" Doto anasema hapana, huyo ni babu yake Arthur. Na kweli anti, lipua limeshuka refu, miwani hana. Nikirudishe? Halafu mama yao anabisha ule wimbo wa kuanzia kaimba Bob Marley.
Baba Kulwa

JIBU: Baba Kulwa hujapigwa, umeokota dodo chini ya mwarobaini. Hicho ndo cha kwanza kabisa, kilitoka 1976, na huyo ndo Arthur mwenyewe kabla hajanyolewa pua.

Mwandishi na mchoraji wake, Marc Brown wa Marekani, alikuwa anamsimulia mwanae hadithi kabla ya kulala, dogo akataka ya mnyama wa ajabu, mzee akaanza kuwapitia wanyama kwa alfabeti za kwao na wa kwanza ni aardvark, ambaye sisi tunamwita muhanga (wengi wetu neno tunalijua kwa kujitoa mhanga tu, mnyama hatujawahi kumuona). Si kwamba yuko mbali, hapo Serengeti yupo, ila mchana kalala shimoni, usiku ndo anatoka kubomoa vichuguu ale mchwa. Pua ndefu, masikio kama ya punda. Kwa hiyo mwambie Kulwa wa kitabuni ndo muhanga kweli, huyo wa kwenye TV ndo wa kutiliwa mashaka!

Miwani alipewa kwenye kitabu cha 1979, na pua ikawa inapungua kitabu hadi kitabu, mpaka katuni inaanza 1996 vimebaki vitundu viwili tu. Sasa kinachonichekesha, na kuniudhi kidogo, soma hadithi yenyewe: Arthur anaichukia pua yake, anaenda kwa daktari aibadilishe, anajaribu za wanyama wengine, mwisho anaona bila hiyo pua yeye si yeye, anaondoka nayo. Halafu kalamu ya baba yake mwenyewe ikaja kuikata taratibu hakuna aliyemuuliza. Naelewa, sura fupi inaonesha hasira na aibu vizuri, na katuni imedumu mpaka 2022, misimu 25, lakini mie nabaki na wa pua ndefu.

Kuhusu wimbo, mama Kulwa kakaribia ila kakosea. Bob alifariki 1981, huyo ni mwanae Ziggy na ndugu zake, Melody Makers. Sauti zinafanana, simlaumu.

Kukirudisha sahau. Kiingereza kisikutishe, fungua picha usimulie kwa Kiswahili chako, na ukipita tena kwa yule jamaa ulizia vingine vya Arthur, maana kwenye vingi Brown kaficha majina ya wanae ndani ya michoro, Tolon, Tucker na Eliza. Wape mapacha watafute, atakayeliona jina kwanza ndo anashika rimoti jioni hiyo.