Kaka Aliyevuja Damu Alisubiri Zaidi Kuliko Mimi Niliyekuwa Mzima

Kaka yangu alitibiwa bawasiri kwa miezi 11 bila mtu yeyote kumpima njia ya haja kubwa, hata kwa kidole. Alikuwa kibarua, akiishi mbali na hospitali yenye kolonoskopi (kipimo cha kamera inayoingizwa kwenye utumbo mpana), na kila siku aliyokwenda kliniki ilikuwa siku isiyo na ujira; hivyo alipoambiwa arudi baada ya wiki 2, alirudi baada ya miezi 2. Saratani ya utumbo mpana iligunduliwa siku utumbo ulipoziba, akapasuliwa kwa dharura. Mimi sikuwa na dalili hata moja, ila ndugu wa mgonjwa hushauriwa kupimwa, na kwa kuwa nilikuwa na bima ya kazini na kuishi mjini, nilipimwa ndani ya wiki 3.

Tangu hapo huniudhi kusikia kwamba maskini “huchelewa wenyewe”. Saratani hii mara nyingi huanza na kinyama kidogo kinachoota ndani ya utumbo, ambacho huweza kuchukua hata miaka 10 kugeuka saratani, kwa hiyo muda wa kuiwahi huwapo. Hata Uingereza, ambako kipimo cha choo hutumwa nyumbani bure, wakazi wa maeneo maskini hukirudisha kwa uchache kuliko wa maeneo yenye nafasi, na wengi wao zaidi hugunduliwa kupitia dharura.

Ukiwa mbali na hospitali kubwa, omba kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo, kwa sababu sampuli husafiri kirahisi kuliko mgonjwa. Omba pia kipimo cha wingi wa damu: kaka alipewa vidonge vya kuongeza damu mara 2, na hakuna aliyeuliza damu ilikuwa ikipotelea wapi. Majibu mazuri yasikutulize iwapo damu inaendelea, choo kimebadilika au unakonda. Hapo dai rufaa ya kolonoskopi, na uhakikishe barua inataja tarehe dalili zilipoanza, kwani maneno “maumivu ya tumbo” pekee huisukuma mwisho wa foleni. Uliza pia kama daktari na vipimo vinaweza kupangwa siku moja, ili nauli iwe moja.

Familia nazo zichange mapema. Sisi tulichangia upasuaji kwa moyo wote. Nauli na ujira wa siku 3 alizohitaji mwanzoni hakuna aliyefikiria kumpa, nami nikiwamo.