Maswali ya wasomaji: Mfumo umekamilika, makarani wamerudi kwenye kaunta buku

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi ni kijana natengeneza programu, ofisi yangu iko Mwanjelwa hapa Mbeya. Tulipata tenda kwenye chama kimoja cha wakulima wa chai Rungwe, tuwatengenezee mfumo wa kupokea majani mabichi, yaani karani anapima, anaingiza kilo kwenye simu, mkulima anapata meseji hapohapo na ofisini wanaona. Vikao vyote tulikaa na meneja na wakuu wa vitengo, wakasaini. Sasa makarani wanaandika kwenye kaunta buku kama zamani halafu jioni mmoja wao anaingiza zote kwa mkupuo, mhasibu anasema hesabu haziendani na yeye anaamini buku, meneja anasema tumemuuzia kimeo, malipo ya mwisho hatoi. Mafunzo tumerudia na bado. Huu ni ushamba au ni nini?
Fundi, Mbeya

JIBU: Pole mdogo wangu. Ushamba futa kabisa, mtu anayetuma na kupokea hela kwa simu kila siku hawezi kushindwa kuandika kilo kwenye kiboksi. Ukirudia tena mafunzo utakula hela yako bure.

Hebu nenda kituoni asubuhi, na Tukuyu unaijua, mvua haiombi ruhusa. Majani yamelowa, mama kaweka mzigo wake kwenye mzani unasoma 30. Karani anayashika, anayafinya, anasema tunatoa mbili za maji. Mama anang'aka, mbili za nini, toa moja bwana, wanavutana pale wanaelewana moja. Hiyo kilo moja ndiyo cheo cha karani kijijini, ndiyo inafanya asalimiwe kwa adabu hata Jumapili. Sasa kwenye programu yako hayo makato yanaingia wapi? Nina wasiwasi ofisi imekupa asilimia ileile ya kukata kila mzigo, au hakuna kitu kabisa, na meseji inaondoka kabla hawajaelewana. Hapo bado skrini imelowa haishiki kidole, netiweki inakuja na kuondoka, foleni inapiga kelele na lori la kiwandani halina muda wa kusubiri mtu. Kaunta buku lazima lishinde.

Mhasibu naye usimwone mkorofi tu. Zamani aliyetaka kujua tumepokea kiasi gani alipita mezani kwake, leo meneja anachungulia mwenyewe akiwa kitandani, halafu unamtegemea huyohuyo akutetee? Na meneja, ukiniuliza mimi, hicho ndicho alichotaka tangu mwanzo ila kwenye kikao mkakiita kurahisisha kazi.

Haya si mageni wala si ya Rungwe peke yake. Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani, M. Lynne Markus, alieleza habari za kampuni moja ambayo makao makuu yalileta mfumo wa hesabu unaowawezesha kuziona takwimu za matawi moja kwa moja, wahasibu wa matawi wakaendelea kutunza vitabu vyao pembeni. Hoja yake ni kwamba kosa usilitafute kwa watu peke yao wala kwenye mashine peke yake, angalia mfumo unapomnyima huyu nguvu na kumpa yule, huyo anayenyimwa ndiye atakayegoma.

Kwa hiyo ufanye hivi. Panda vituoni, na usipande kwenye gari la meneja. Waambie makarani wachague wenyewe wa kukaa na wewe, akichagua bosi utaletewa mpwa wake. Weka sehemu ya makato anayojaza karani na sababu, mkulima aione kwenye meseji, na simu itunze kilo hata netiweki ikikata. Mhasibu mpe kufunga mwezi, yaani hakuna malipo yanayotoka bila yeye kupitisha, utashangaa hesabu zitakavyoanza kuendana. Ila kama ile kilo ya maji ni wizi (inawezekana, sisemi haiwezekani) hiyo ni ishu ya bodi na mkutano mkuu, usikubali meneja apambane nayo kwa kupitia programu yako.

SWALI: Shikamoo kaka. Ofisini kwetu tuliitwa warsha ya watumiaji wa mfumo mpya, tukatoa maoni, tukanywa chai, tukapewa posho. Mfumo umekuja hauna hata kimoja tulichosema. Tunaitwa tena, twende?
Dada wa Iringa

JIBU: Marahaba, kamwene dada. Nendeni, ila msiende mikono mitupu. Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1970 chama cha wafanyakazi wa chuma kilifanya kazi na Kristen Nygaard, mmoja wa walioiunda lugha ya kompyuta ya Simula, wafanyakazi wakajifunza mifumo wenyewe wakaja na mapendekezo yao, na baadaye ikapatikana mikataba na waajiri. Nyie anzeni kidogo, kaeni wenyewe kabla, andikeni mambo matatu msiyoweza kufanya kazi bila hayo. Warsha ikianza ulizeni maoni ya mara ya kwanza yaliishia wapi na nani aliyakataa. Na kuweni macho na ile karatasi ya mahudhurio, maana ndiyo itakayopelekwa kwa mfadhili kuonyesha kwamba watumiaji walishirikishwa. Kabla ya kusaini ombeni muhtasari wenye maoni yenu uambatanishwe nayo, na nakala mbaki nayo.