Ukija kujifunza ufundi wa ndege Tanga, anza na ndoo na kitambaa

Vijana wa field wanaofika kwetu uwanja wa ndege wa Tanga huja na hamu moja: kufungua injini. Siku ya kwanza mimi nawapa ndoo, sabuni na kitambaa cheupe cha pamba, na nyuso zinanywea. Nawaelewa. Umesoma miaka 3, wazazi wamejinyima, halafu unaambiwa osha ndege. Lakini nimefanya kazi hii pwani miaka 14, na ningependa mnielewe mapema: kwa ndege inayolala jirani na bahari, kuosha ndiyo ufundi wenyewe. Kufungua injini kutakuja, tena kwa kitabu na kwa usimamizi. Jicho la kuona kasoro hupatikana kwenye ndoo.

Ndege tunazozihudumia zaidi ni Cessna Caravan, zile za propela moja zinazopeleka abiria Pemba, Unguja na Dar es Salaam. Safari zake ni fupi, zote juu ya maji. Tunaanza saa 11 na nusu alfajiri, kabla abiria wa kwanza hajatoka nyumbani, na kazi ya kwanza ni kuchota mafuta chini ya matangi.

Hapo nitakaa kidogo, maana ndipo nilipopata somo ambalo sitalisahau. Tangi likilala nusu, juu yake kuna hewa ya pwani iliyojaa unyevu. Usiku ukipoa, unyevu ule unageuka maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanashuka na kutulia chini kabisa, kwenye valvu ya kuchotea. Unachota kwenye chupa ya kioo, unainua kwenye mwanga, unatafuta mstari: mafuta juu, maji chini. Mwaka wangu wa kwanza, asubuhi moja ya masika, nilichota nikaona chupa nzima ni safi, rangi moja toka juu hadi chini. Nikasema, "Safi, mzee."

Fundi aliyekuwa akinisimamia hakunijibu. Alichovya kidole kwenye ndoo, akadondosha tone moja la maji ndani ya chupa yangu. Tone likapotea. Yangekuwa mafuta, tone lingezama mpaka chini na kukaa kama ushanga. Chupa yote ilikuwa maji! Nilitafuta mstari, na mstari haukuwepo kwa sababu hapakuwa na mafuta ya kutengana nayo. Tulichota chupa baada ya chupa hadi mafuta yakatoka matupu, tukasubiri yatulie, tukachota tena. Abiria walichelewa wakanung'unika, na mzee hakuharakisha hata kidogo. Tangu siku ile nanusa kila chupa, natumia kidonge cha kupimia kinachobadilika rangi kikikutana na maji, na nikiwa na shaka nadondosha tone. Rubani naye atachota kabla ya kuruka, ndiyo, lakini usimwachie yeye kazi yako.

Baada ya mafuta, zunguka ndege ukiwa na tochi. Angalia mrija mdogo unaopokea upepo ili rubani asome mwendo wa ndege, ule unaoitwa pitoti. Nyigu wetu wanaojenga kwa udongo wanaupenda sana mrija huo. Mwaka 1996 ndege aina ya Boeing 757 ilianguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, wakafa watu wote 189. Wachunguzi walishuku kiota cha nyigu ndani ya mrija mmojawapo, kwa kuwa ndege ilikuwa imekaa siku kadhaa bila mirija kufunikwa. Kwa hiyo ukikuta kifuniko kimeanguka usiku, usikirudishe kimyakimya. Sema, mrija ukaguliwe.

Ndege zikishaondoka mchana huwa kimya, tunajaza karatasi, tunapanga vifaa, tunahesabu spana. Jioni ndege inayolala kwetu ikirudi, ndoo zinatoka.

Anza chini ya tumbo, si juu. Chumvi na vumbi hukaa mahali macho hayapendi kufika: chini, kwenye maungio, nyuma ya magurudumu, kwenye bawaba za mabawa. Suuza kwanza kwa maji mengi; ukipaka sabuni juu ya chumvi na mchanga unasugua rangi kama kwa msasa, na rangi ikichubuka aluminiamu iko wazi. Kisha tumia mkono. Pitisha kiganja juu ya riveti, vile vipini vya chuma vinavyoshikilia mabati ya ndege, mstari hadi mstari. Riveti iliyolegea hutoa weusi mwembamba unaoelekea nyuma, kama moshi uliogandishwa na upepo. Rangi ikivimba kama lengelenge, chini yake kutu imeshaanza kula. Kijana mmoja aliyekuwa nasi alinionyesha weusi wa namna hiyo chini ya bawa, riveti 2 tu, na mimi mwenye leseni nilikuwa nimepita hapo asubuhi yake. Alikuwa na wiki 3 kazini. Ndege haikuruka mpaka fundi wa mabati alipokuja, na sikuona aibu kumwambia kijana yule mbele ya wote kwamba ameliona alilopaswa kuliona mkubwa wake.

Nyaya zinazovuta usukani wa mkia zinataka kitambaa. Kiwe kikavu, kizungushe kwenye waya, kivute polepole. Kikinasa, uzi mmoja wa waya umekatika. Usitumie kidole kitupu, utakatika wewe.

Injini nayo inaoshwa ndani. Inazungushwa kwa stata, yaani mota ya kuwashia, bila kuwashwa, huku maji yakipulizwa kwenye njia ya hewa, ili chumvi isigande kwenye mapanga ya kompresa, sehemu inayokandamiza hewa ndani ya injini. Stata ina muda wake: sekunde 30, halafu ipumzike, fuata kitabu. Na maji yenyewe ni yale yaliyoondolewa madini. Niliwahi kumkuta mtu anajaza pipa kwa maji ya kisima cha mtaani kwa nia njema, akidhani maji ni maji. Visima vingi vilivyo karibu na bahari vina chumvi. Angekuwa anaiogesha injini kwa kitu kilekile tunachokitoa.

Nikiwa na vijana wakati wa kuosha, huwasimulia ya Hawaii. Tarehe 28 Aprili 1988 Boeing 737 iliyokuwa ikiruka safari fupi kati ya visiwa, kama hizi zetu, ilichanika paa angani. Ilikuwa na umri wa miaka 19 na imeruka zaidi ya mara 89,000, katika hewa ya bahari. Mhudumu mmoja alivutwa nje akafa. Marubani walifanikiwa kutua Maui. Ndege ile ilikuwa ya kujazwa hewa ndani, Caravan haijazwi, kwa hiyo mkazo wake si ule. Kinachoniuma ni hiki: abiria mmoja aliuona ufa karibu na mlango alipokuwa anapanda. Hakumwambia mtu.

Basi, mdogo wangu, uwe na shikamoo zako na heshima yako kwa wakubwa, lakini heshima isikuzibe mdomo. Kwetu Tanga tumelelewa tusimsahihishe mzee mbele za watu, na ni malezi mazuri. Kwenye ndege, msogelee, sema kwa adabu, "Mzee, samahani, njoo unisaidie kuangalia hapa." Hakuna fundi wa kweli atakayekataa kuja. Na usiandike kwenye daftari la ndege kitu ambacho hukukishika wala kukiona, hata ukiambiwa "andika tu, mimi nimeangalia." Aliyeangalia aandike mwenyewe.

Siku ya kwanza njoo na viatu vya kufunika, kijidaftari cha mfukoni, na kitambaa cheupe, kwa sababu cheusi hakionyeshi uchafu umetoka wapi. Pete na saa viache nyumbani. Kabla ya kuondoka jioni tutafunika mirija, tutafunga tepe nyekundu za kukumbusha vifuniko vitolewe kabla ya kuruka, na wewe ndiye utakayezihesabu kwa sauti.