Nilianguka na Sanduku la Vitabu Kabla Sijajua Kazi ya Nyayo

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia akiuliza kwa nini mgongo humuuma kila anapoinua mzigo, ilhali mikono yake ina nguvu za kutosha. Swali hilo limenirudisha kwenye siku niliyoanguka na sanduku la vitabu mbele ya wenzangu, nao wakaniita dhaifu. Neno hilo linanichoma hadi leo, kwa sababu halikuwa kweli.

Nilikuwa nimebananisha miguu, sanduku likiwa hatua nzima mbele yangu, nikainama na kulishika kwa mikono iliyonyooka. Lilipoachana na sakafu, visigino vilinyanyuka, vidole vya miguu vikajikunja ndani ya viatu kana kwamba vinatafuta pa kushika, kisha nikaenda kifudifudi. Nguvu nilikuwa nazo. Mwili na mzigo vikishashikana huwa kitu kimoja chenye kitovu kimoja cha uzito, yaani nukta ambapo uzito wote ni kama umekusanyika, na mstari unaoshuka wima kutoka kwenye kitovu hicho sharti uangukie ndani ya eneo lililozungukwa na nyayo. Ukitoka nje ya hapo, utapiga hatua au utaanguka.

Maumivu ya mgongo yana hesabu yake. Misuli inayounyoosha uti wa mgongo huvuta ikiwa karibu sana na egemeo lake, yaani pingili za kiuno, kama sentimita 5 hivi, huku mzigo ukiwa mbali. Kilo 20 zilizoshikwa sentimita 50 mbele ya pingili hizo, mara kumi ya umbali wa misuli, huidai misuli hiyo nguvu ya takribani kilo 200, na hapo bado hujahesabu kifua na kichwa vilivyoinama. Mzigo huohuo ukiusogeza hadi sentimita 25, deni hilo hupungua kwa nusu.

Mwili pia hujiandaa mapema: misuli ya miguu na mgongo hukaza kabla mikono haijavuta, kwa kukisia uzito. Niliwahi kuinua ndoo nikidhani imejaa, kumbe ni tupu, nikayumba nyuma hatua mbili. Tangu hapo huutikisa mzigo kidogo kwanza ili nijue uzito wake.

Juzi nimeliinua sanduku lilelile, na vitabu vimeongezeka. Nilitanua miguu usawa wa mabega, mmoja ukitangulia kidogo, nikalivuta likagusa mapaja, nikakunja magoti na kurudisha nyonga nyuma, kisha nikasimama nalo. Sioni haya kusema kwamba nilijivunia.

Ndugu msomaji, usikubali kupimwa kwa unene wa mikono. Usogelee mzigo, usogelee tena, na unapotaka kugeuka nao, geuza nyayo badala ya kuzungusha kiuno. Wewe uliyeniandikia, anza na sanduku lenye vitabu vichache, kisha sikiliza visigino vyako: vikianza kuachana na sakafu, litue chini, ulisogelee zaidi, ndipo ujaribu tena.