Muulize Mama Kaseti: Mdomo umefunga, sauti bado inasema

*Mama Kaseti, jambo. Mume wangu ana miaka 56, ni fundi wa magari hapa komini ya Kenya, Lubumbashi. Kila Jumapili tukitoka misa anavua viatu na kuweka zile filamu za zamani za Wachina, za karate ya kuchekesha. Mdomo unafunga, sauti bado inasema. Ndevu za mzee unaona mpaka gundi. Mtu anapigwa na benchi, anazunguka mara tatu, anakuja kukaa juu ya benchi lile lile. Baba watoto anacheka mpaka machozi, na filamu yenyewe ameiona mara zisizo na hesabu. Kijana wetu wa kwanza, aliyemaliza chuo kikuu, anasema ni filamu za ovyo na baba anatuaibisha mbele ya wageni. Jumapili iliyopita nilisema nikae dakika mbili tu. Nilicheka hata sombe ikaungua. Sasa kijana nimwambie nini? Kuna kitu mule ndani, ao ni utoto tu?*
*— Mama wa komini ya Kenya*

Mama mwenzangu, pole kwa sombe. Jina hili la Kaseti sikubatizwa nalo. Miaka ya 1980 yaya yangu, mkubwa wangu wa tumbo moja, alifungua chumba cha video kwenye parseli ya nyumba yetu Katuba: televisheni moja, deki moja, na jenereta tuliyoificha nyuma ya choo ili kelele yake isifunike ngumi. Mimi nilikaa mlangoni. Ulilipa pesa. Ukikosa pesa, ulimchotea mama ndoo mbili za maji, ukaingia, ukakaa chini kwenye gunia. Kichwa cha deki kikichafuka na picha ikaanza kunyesha mvua, yaya alikisafisha kwa pamba iliyochovywa katika lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, maana spiriti ya famasi ilitushinda bei. Hata leo harufu ya lutuku ikinipitia puani, naona Wachina wanapigana.

Kwanza tumpe kijana haki yake. Aliyoyaona ni kweli, na mimi nitamwongezea. Hong Kong ya wakati ule walipiga picha bila sauti. Huyu mbele ya kamera anasema Kikantoni, mwenzake anajibu Kimandarini, hakuna anayejali, kwa sababu sauti zitawekwa baadaye na watu wengine wamekaa chumbani. Filamu ikiuzwa nje, Waingereza wanaweka zao, Wafaransa zao. Mlio wa ngumi nao umetengenezwa, ngumi ya kweli hailii hivyo, waulize waliowahi kupigwa. Hata kasi wamechezea kidogo: mtu wa kamera alipiga kama picha 22 kwa sekunde badala ya 24, basi zikionyeshwa kwa mwendo wa kawaida mkono unakwenda haraka kuliko Mungu alivyoupanga.

Na kaseti zetu sisi zilipita Kasumbalesa kutoka Zambia, zikiwa na Kiingereza ambacho pale Katuba hakikuwa na mwenyewe. Yaya akasimama pembeni ya televisheni na fimbo mkononi, akaweka sauti ya tatu, ya Kiswahili chetu. Hakuwa anatafsiri, alikuwa anatunga. Katika mdomo wake kila adui alikuwa mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi mitatu, na kila akteri, yule wengine mnayemwita stelingi, alikuwa mpangaji. Watu walilipa mara ya pili kwa filamu ile ile ili wasikie kama kodi imepanda.

Sasa muulize kijana: benchi nalo ni la bandia?

Mketishe mbele ya Drunken Master ya mwaka 1978, ile ambayo sisi Katuba tuliita Mulevi tu. Mwambie asiangalie midomo, aangalie tumbo. Jackie Chan amening'inizwa kwa miguu, kichwa chini. Chini yake kuna maji, juu penye miguu kuna ndoo. Mikononi ana vikombe viwili vidogo, vya kumnyweshea mtoto dawa. Anachota, anajikunja mpaka juu, anamimina, anashuka, anachota. Pale hakuna gundi. Jackie aliingizwa shule ya opera ya Kichina huko Hong Kong akiwa mtoto wa miaka 7, kwa mwalimu Yu Jim-yuen, akakaa miaka 10. Sammo Hung na Yuen Biao walitoka mikononi mwa mwalimu huyo huyo. Ule mkunjo wa tumbo hakuupata kwa ajili ya filamu, alikuja nao kutoka utotoni.

Mimi naona utamu uko hapo hapo. Kila kitu kimechakachuliwa waziwazi, sauti, nywele, ndevu, halafu katikati ya uongo wote huo mtu anaanguka kweli. Zile filamu kubwa za leo kila kitu kinang'aa, na sijui tena nani ameruka na nani amechorwa na kompyuta. Mnanisamehe, natazama lakini mkono hauachi kubandua maharage.

Kuna ile ya mwaka 1983, Project A, ambamo Jackie anajiachia kutoka kwenye mnara wa saa. Anapasua turubai la kwanza, anapasua la pili, anafika chini. Wanakuonyesha anguko hilo mara mbili, kwa sababu alianguka zaidi ya mara moja. Kwetu mara mbili hazikutosha. Watu walipiga miguu chini wakilia "rudisha! rudisha!" na yaya akarudisha. Miezi michache baadaye kaseti ile iliharibika sehemu moja tu. Filamu nzima ilikuwa safi, ila ukifika kwenye mnara, mistari myeupe, mtu hayupo, unasikia turubai linapasuka. Hata hivyo walipiga makofi. Mwishoni ilikuja sehemu ya makosa, wale waliokosea kuruka wakashika kiuno, na hapo chumba kilichokuwa kinacheka kilinyamaza. Mwaka 1986 huyo huyo alianguka kutoka mtini kule Yugoslavia akipiga filamu nyingine, fuvu likapasuka. Hakuna aliyetuambia wakati ule, ila nadhani tulikuwa tunahisi.

Kitu kingine, nisisahau. Bruce Lee alikufa tarehe 20 Julai 1973, na baada yake wakaja akina Bruce Li na Bruce Le, miwani ile ile, hasira ile ile, mpaka tukachoka na hasira. Bruce Lee akipiga, mkono haumuumi. Jackie akipiga, anapuliza vidole, anaruka ruka, anatafuta pa kujificha. Mume wako ni fundi. Spana imemponyoka ikampiga kidole mara ngapi? Anamjua mtu huyo.

Kijana akae Jumapili moja, simu aiache chumbani. Na wewe sombe ishushe kwanza.

*Mama, sisi ni vijana wawili wa Kamalondo, tumewekeana chupa ya bia ya Simba. Yule mzee mlevi anayemfundisha Jackie katika Drunken Master, alikuwa anakunywa kweli?*
*— Wabishi wawili*

Aliyesema hapana ndiye anywe. Mzee anaitwa Yuen Siu-tien, mtu wa opera tangu ujana, na ni baba mzazi wa Yuen Woo-ping aliyeongoza filamu hiyo. Pua nyekundu ni rangi. Alikuwa amepita miaka 60, kwa hiyo miruko migumu walimfanyia vijana waliovikwa wigi lake, ukitazama vizuri mgongo unabadilika. Alifariki Januari 1979, miezi michache tu baada ya filamu kutoka.

Na mwanafunzi wake katika hadithi, Wong Fei-hung, ni mtu aliyeishi kweli, mganga na mwalimu wa kung fu, mheshimiwa mno kwao. Tangu 1949 sinema zilimwonyesha kama mzee wa busara. Ndipo 1978 wakamfanya kijana mtundu anayekimbia adhabu! Ni kama mtu atengeneze filamu ya Mwami Msiri, mfalme wa kale wa hapa Katanga, akiwa kijana anaiba maembe. Wazee wa Bunkeya wangekuja na basi nzima.

Mimi kipande changu ni cha mwisho. Mzee anafundisha mitindo ya walevi wanane wa mbinguni, na wa nane ni mwanamke. Kijana anaona haya kujifunza mikono ya kike, anaruka somo. Halafu anakutana na Hwang Jang-lee, yule adui mwenye mateke, mitindo saba yote inagonga mwamba, na kilichobaki ni cha yule mama. Inabidi autunge papo hapo, kiuno, nywele, poda na yote. Hapo niliacha sanduku la pesa mlangoni nikaingia. Tulipoteza hela nyingi kwa sababu ya dakika zile.

Lakini msijaribu. Jirani yetu mmoja alirudi na lutuku kichwani, akakamata benchi la mama aonyeshe mtindo. Alikaa juu ya mbabula, jiko la makaa. Ilikuwa na moto.

*Nina mtoto wa miaka 9, anapenda kucheka. Nimwekee Kung Fu Hustle?*
*— Mwalimu, Ruashi*

Bado, mwalimu. Mwanzoni kuna shoka na mguu wa mtu. Ila wewe itazame akilala. Ni ya 2004, ya Stephen Chow, na imetengenezwa kwa kuwapenda wale wa zamani: mwenye nyumba mwanaume ni Yuen Wah, aliyekuwa akiruka sarakasi badala ya Bruce Lee, na mkewe ni Yuen Qiu, aliyekuwa ameacha sinema miaka mingi. Wote wawili wametoka kwa yule mwalimu Yu. Mama huyo ana vibiringishi kichwani, sigara mdomoni, anadai kodi, na ndiye bingwa wa mtaa. Nilipoiona nilimpigia yaya simu Likasi usiku ule ule: wamekuibia maneno yako! Akauliza kodi ya miezi mingapi.

Mtoto mwekee ya mnara wa saa. Kama unayo kwenye kaseti, deki yangu bado inazunguka. Lete pamba, lutuku nitatafuta.