Nyeupe inayogeuka kijivu, na maswali mengine ya rangi kutoka Lubumbashi

Tulipaka saloni nyeupe ili ing'ae. Dirisha ni moja, linatazama kusini. Chumba kinaonekana kijivu hata saa sita mchana. Tununue nyeupe gani? (Mama wa Katuba)

Mama, usinunue nyeupe nyingine. Nyeupe hurudisha mwanga inaopewa tu, na dirisha lako linapata kidogo. Lubumbashi iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo kiangazi chote, Mei hadi Septemba, jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Dirisha la kusini hubaki na mwanga wa anga, wenye samawati kidogo. Desemba jua husogea kusini, ila linakuwa karibu na utosi na ukingo wa bati hulikinga.

Chumba hicho kinataka rangi yenye njano au nyekundu ndani yake: krimu, mchanga, asali iliyofifia. Dari ibaki nyeupe isiyong'aa.

Usichague kwa kikaratasi cha dukani. Paka kipande cha katoni cha sm 50 kwa 50, mikono miwili (yaani upake mara mbili), kilale kikauke, maana rangi ya maji ikiwa mbichi huonekana nyepesi kuliko itakavyokuwa. Kiegemeze kando ya dirisha, kisha kwenye ukuta wa mbali, ukitazame asubuhi, alasiri na usiku. Usiku ndipo wengi hushtuka: ampuli ya kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga) hutoa mwanga wa samawati na huipoza krimu yote. Tafuta iliyoandikwa 2700 au 3000, yenye mwanga wa njano. Kwa kweli anza na ampuli, ni rahisi kuliko ndoo ya rangi.

Fundi alichanganya rangi, ikaisha katikati ya ukuta. Ndoo ya pili haikufanana na ya kwanza. (Mpangaji, Kamalondo)

Wala ya tatu haitafanana. Aliyekadiria dawa ya rangi, ile inayotiwa kwenye rangi nyeupe kuipa rangi, kwa jicho hawezi kuirudia. Rudia ukuta mzima, kona hadi kona. Kwenye kona tofauti ndogo haionekani, katikati ya ukuta inaonekana kama kiraka.

Safari ijayo pima kwanza. Chumba cha mita 4 kwa 3.5, kimo mita 2.8: mzunguko ni mita 15, mara 2.8 ni mita za mraba 42. Toa mlango na dirisha, hubaki kama 39. Mikono miwili ni 78. Lita moja hufunika mita za mraba 10 hivi kwenye ukuta laini, lakini kwenye lipu ya kukwaruza hesabu 8. Basi ni karibu lita 10, nunua 11. Mimina makopo yote kwenye chombo kimoja kikubwa, koroga, ndipo uanze. Lita inayobaki ifungwe vizuri kwa ajili ya marekebisho. Na dawa ya rangi isizidi kiasi kilichoandikwa kwenye kopo: ikizidi, ukuta hauwi mkavu sawasawa na hupaka nguo za watu.

Kanape zetu zina kitambaa chenye rangi nyingi. Ukuta uwe wa rangi gani? (Bel-Air)

Chukua rangi iliyofifia kuliko zote ndani ya kitambaa, uipeleke ukutani. Ile kali iishie kwenye mito na rido.

Vumbi jekundu linachafua chini ya kuta. Tulipaka rangi ya mafuta ili tuoshe, sasa inabambuka. (Baba wa familia, Ruashi)

Baba, wazo lilikuwa zuri. Ukuta ndio haukuwa tayari. Kama lipu ni mpya, ilitakiwa ikae angalau wiki 4: ukali wa saruji mbichi hugeuza mafuta ya rangi kuwa sabuni. Kama ni ya zamani, kwangua sehemu, bandika plastiki angavu kwa utepe pande zote, uiache siku nzima. Matone yakiwa upande wa ukuta, unyevu uko ndani ya ukuta, mara nyingi ukipanda kutoka chini, na rangi ya mafuta huufungia ndani mpaka inavimba. Hapo rudi kwenye chokaa au rangi ya maji mpaka msingi ushughulikiwe.

Ukuta ukiwa mkavu, piga msasa na futa vumbi. Paka ukanda wa mita 1 wa rangi ya tofali, ambayo huficha vumbi letu. Dari ikiwa fupi, sm 80 zinatosha, zaidi ya hapo chumba huonekana kimebanwa. Mstari uupige kwa uzi wenye chaki, upime usawa kwa mpira wa maji (bomba jembamba angavu lililojazwa maji), na utepe uuvue mkono wa pili ukiwa bado haujakauka, la sivyo unatoka na rangi.