Homa imekwisha, kipimo hakioni kitu

SWALI: Shikamoo daktari. Nauza dagaa Kibirizi, Kigoma. Wiki mbili baada ya kulala na mtu bila kondomu nilishikwa na homa, vipele kifuani, tezi za shingo zikavimba. Malaria hakuna, kipimo cha VVU hakikuona kitu. Sasa nimepona. Niachane nayo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiachane nayo. Kile kipimo cha kuchoma kidole hutafuta kingamwili, yaani protini za mwili za kupambana na virusi, na mwili huchukua wiki kadhaa kuzitengeneza. Virusi havisubiri: huzaliana upesi na kuua chembe za CD4, zile chembe nyeupe za damu zinazoongoza kinga, hasa kwenye utumbo. Chembe za CD8, wenzao wanaoua chembe zilizoambukizwa, huvipunguza, homa ikashuka, ila virusi havitoweki. Pima tena wiki ya sita, kisha miezi mitatu. Dawa za kuzuia maambukizi huanzwa ndani ya saa 72 tangu tendo, hapo umechelewa. Kondomu lazima, maana kama una virusi, kipindi hiki unaambukiza kirahisi mno.